Mbavu Sita za Mzee Charo

Nyamvula Ruwa ni mwoga. Ninalisema hili bila kumsengenya, kwa sababu yeye mwenyewe ndiye wa kwanza kulisema. Anaogopa maji, anaogopa paka, anaogopa kuvuka barabara pale Likoni penye tuktuk nyingi, na zaidi ya vyote anaogopa kazi yake. Kazi yake ni kuwalaza watu usingizi wa nusukaputi na kuwatia ganzi wanaopasuliwa, katika hospitali ndogo ya huku kwetu kusini mwa kivuko. Ameifanya miaka kumi na minne. Mtu mwingine angekuwa ameizoea, lakini yeye kila asubuhi huianza kama mtu aliyeajiriwa jana.

Kabla ya kila sindano hunisomea jina la dawa kwa sauti, kisha hunipa kichupa nikisome mimi, kisha hukichukua akakisoma tena, utadhani maandishi hubadilika njiani kutoka mkono wangu kwenda wake. Mtungi wa oksijeni huugonga kwa kucha, huufungua, huusikiliza, huufunga. Matano, dereva wetu wa ambulensi, mzaliwa wa hapa hapa Likoni na mwenye ulimi usiopumzika, alimwambia siku moja, "Daktari, wewe hata maji ya kunywa wayapima presha."

"Kwa mwoga huenda kicheko, Matano," Nyamvula akamjibu. "Kwa shujaa huenda kilio." Akaendelea kugonga mtungi wake.

Mimi ni Quinter, muuguzi, mtu wa Homa Bay. Nilikuja pwani na haraka zangu za bara, na kwa miezi mingi huyu mama alinikera kupita kiasi. Nilimwona anapoteza muda. Wagonjwa wako kwenye benchi, yeye anasoma kichupa mara ya tatu. Hasira zangu zilipungua siku aliponiambia, tukiwa tunakunywa chai ya saa nne, kwa nini yuko hivyo.

Alipokuwa bado kijana kazini, katika hospitali nyingine, alimtia mtu ganzi ya kifua. Sindano ilipita pale ilipotakiwa kukoma, kwa kiasi cha punje moja ya mchele, ikagusa pafu. Hewa ikaanza kuvuja ndani ya kifua cha yule mtu, na Nyamvula akasimama akimsikiliza anavyohangaika kutafuta pumzi mpaka daktari wa upasuaji alipofika na mpira wa kuitoa. Mtu hakufa. "Lakini mimi nilimsikia, Quinter," aliniambia. "Hadi leo nikiinama juu ya kifua cha mtu, namsikia yule." Tangu siku hiyo hakuwahi kuchoma kifua bila mkubwa wake kusimama kando. Baadaye alikwenda mafunzoni, akajifunza kuifuata sindano kwa kifaa cha picha kinachochomekwa kwenye simu, akarudi na cheti. Hata hivyo sharti lake lilibaki lile lile.

Sasa niwaeleze habari za Mzee Charo Randu, ambaye alimlazimisha alivunje sharti hilo.

Mzee Charo ni mkwezi. Upande wa Shelly Beach minazi imejaa katika nyua za mahoteli na nyumba za wageni, na hakuna mwenye nyumba anayetaka nazi imwangukie mgeni kichwani. Kwa hiyo huitwa mkwezi, akapanda, akaziangua kabla hazijaanguka zenyewe. Mzee Charo amepanda minazi hiyo tangu ujana wake, na sasa anakaribia miaka sitini, mwembamba, miguu imekakamaa. Alhamisi moja ya mwezi wa Juni mvua ilikuwa imenyesha alfajiri, shina limelowa. Alikuwa ameshamaliza kazi na anashuka, amebakisha kimo cha paa la nyumba, mguu ukateleza. Alianguka ubavu wa kushoto juu ya ukuta mfupi wa bustani.

Binti yake, Ruth, anayeuza madafu jirani na pale, alimleta kwa tuktuk. Alikuwa amemfunga kifua kwa leso mbili, zimekazwa kama kamba ya mzigo wa kuni. Ruth akaenda dirishani kuandikisha jina, nami nikabaki na mzee. Kwenye benchi nilikuwa na wagonjwa wengine kumi na mmoja, na mmoja wao alikuwa mtoto mwenye degedege.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Ukiyapima maumivu yako kutoka sifuri mpaka kumi, yako wapi?"

Alinitazama kwa upole. "Sijambo, mwanangu," akasema polepole. "Twamshukuru Mungu."

Nikaandika mbili kati ya kumi. Nikampa vidonge viwili vya kawaida vya maumivu, nikampeleka kupigwa picha, nikakimbilia kwa mtoto wa degedege. Picha ilipotoka ilionyesha mbavu sita zimevunjika, moja chini ya nyingine. Pafu lenyewe lilikuwa halijatoboka. Daktari wa zamu akaamuru avushwe kwenda hospitali kubwa ya kisiwani, ila ambulensi ilikuwa imempeleka mama mjamzito, ikatubidi tungoje. Karibu saa mbili zilipita. Kila nilipopita nilimwona mzee amenyamaza, amefumba macho, halalamiki. Nilisema moyoni, huyu angalau amepata usingizi.

Nyamvula ndiye aliyesimama pale kitandani akitoka chumba cha upasuaji. Sijui aliona nini. Alizifungua zile leso taratibu, akaketi ukingoni mwa kitanda, akamshika mzee mkono, akaanza kumsalimu kana kwamba wamekutana njiani wakitoka shamba.

"Baba, hujambo?"

"Si... jambo."

"Wa nyumbani hawajambo?"

Mzee akavuta pumzi, fupi, kama anayeonja uji wa moto. Akavuta nyingine. "Hawa..." Akapumua. "...jambo."

"Na mbuzi wazima?"

Hakujibu. Alitikisa kichwa kidogo tu, jasho likimtiririka shingoni. Nyamvula akachukua kibanio cha kupima oksijeni, akakibana kwenye kidole cha mzee. Ilisoma themanini na nane; mwenye afya huwa juu ya tisini na tano.

"Quinter, nani kaandika mbili hapa?"

Nikasema ni mimi, kwamba nilimuuliza na akasema hajambo.

"Huyu ni mtu wa kwetu," akasema kwa sauti ya chini. "Ukimuuliza hali, atakuambia hajambo hata akiwa kaburini. Mimi simuulizi hali. Nahesabu anajibu salamu ngapi kwa pumzi moja. Huyu hajibu hata moja."

Alinieleza haraka haraka, na ninaeleza hapa nilivyoelewa. Mtu aliyevunjika mbavu nyingi huogopa kupumua, maana kila pumzi ni kisu. Basi huvuta hewa kidogo kidogo. Hakohoi. Sehemu ya chini ya mapafu hujifunga, hujaa makohozi, na mwisho mtu huchoka kabisa, na watu hudhani amepata usingizi. Maumivu ndiyo humuua, na zile mbavu huwa hazina hata haja ya kuligusa pafu. Niliposikia neno usingizi, nilikumbuka kila mara niliyompita nikidhani amelala.

Tulimtia mofini, ile dawa kali ya maumivu, kidogo sana. Maumivu yakapungua kiasi na pumzi nazo zikapungua pamoja nayo. Ilisoma themanini na sita, na macho yake yakaanza kulegea. Hatukuthubutu kuongeza.

"Dawa yake ni ganzi ya ubavu," Nyamvula akasema. "Mishipa ya fahamu ya upande huu wote inyamaze, apumue." Aliangalia mikono yake. "Lakini si hapa. Ng'ambo wako wakubwa wangu. Ni dakika arobaini tu."

Nilifurahi aliposema hivyo, sitaficha. Sikutaka kuwa karibu na sindano hiyo. Tulikuwa waoga wawili tunaokubaliana. Ambulensi ilipofika, alipakia mtungi wa oksijeni aliougonga kama kawaida, mkoba wa ganzi, kifaa chake cha picha, na hata chupa ya ile dawa nyeupe kama maziwa inayomwokoa mtu ganzi ikimlevya. Nilimuuliza chupa hiyo ya nini ikiwa hatumchomi. Akasema hajui, ila anaiogopa safari ambayo chupa hiyo haimo.

Matano alituteremsha mpaka kivukoni kwa king'ora, watu wakatupisha, tukawa gari la kwanza kuingia kwenye feri. Ruth alikuwa mbele pamoja naye, akisali kwa sauti isiyotoka. Waenda kwa miguu wakajaa pande zote za gari, mlango wa feri ukainuliwa. Nikaanza kuhesabu dakika. Feri haikuondoka.

Matano akaja kufungua mlango wa nyuma. "Yaingia meli ya makontena," akasema. "Tumeambiwa tungoje ipite. Ndefu, wallahi, hata mwisho wake siuoni."

"Turudi basi," nikasema.

"Turudi wapi, Sista? Nyuma yetu magari thelathini."

Ilisoma themanini na tatu, na oksijeni ikiwa imefunguliwa yote. Midomo ya Mzee Charo ilikuwa imeanza kugeuka rangi. Nyamvula akamwinamia. "Baba, hujambo?" akauliza. Midomo ilicheza, sauti haikutoka. Akauliza tena. Mzee alimtazama tu, na katika macho yale niliona hofu ambayo alikuwa ameizuia kwa adabu tangu asubuhi. Mbele Ruth aligeuka, akatutazama kupitia kioo, akafunika uso.

Niliogopa siku hiyo kuliko siku yoyote ya maisha yangu. Nilijua kwamba mtu huyu atakufa mbele ya watu mia tano wanaochungulia dirishani, na kwamba nimeandika mbili.

Nyamvula akavaa glavu. Mikono ilikuwa inamtetemeka hadi glavu ya kushoto ikakataa kuingia, nikamvisha mimi. Akanipa kichupa. Nikakisoma kwa sauti. Akakichukua, akakisoma. Akanirudishia, nikakisoma tena, na wallahi, kama wasemavyo wao, sikuona anapoteza muda.

"Ruth," akaita, "baba yako ana kilo ngapi?"

"Sijui, Daktari. Hubebwa na mnazi wowote."

Nyamvula akamkadiria kwa macho kilo hamsini, akapiga hesabu ya dawa, kisha akaipunguza. Tulimgeuza mzee kidogo, nikamwinua mkono wa kushoto juu ya kichwa chake. Hakulia. Chozi moja lilishuka mpaka sikioni.

"Quinter, naogopa," Nyamvula akasema.

"Hata mimi."

"Basi usiniache nayo peke yangu. Nitatazama mkono na picha. Wewe nitajie unachokiona kwenye simu. Kila kitu. Ukinyamaza nitadhani nimepita."

Akapaka mafuta, akakiweka kile kifaa ubavuni chini ya kwapa. Kwenye simu kulitokea ukungu wa kijivu. Alikuwa amenifundisha kuisoma picha hiyo zamani, mchana mmoja usio na wagonjwa, nami nikasikiliza kwa sikio moja. Sasa nilimshukuru Mungu kwa hilo sikio moja.

"Naona nyama," nikasema. "Nyama ya juu. Naona ubavu, mweusi. Chini yake naona mstari mweupe, unateleza."

"Huo unaoteleza ndio pafu. Huo ndio nisioutaka. Endelea."

"Mstari upo. Unateleza kidogo. Sasa naona sindano."

"Ncha waiona?"

"Naiona. Iko juu ya ubavu. Inashuka."

Hapo mawimbi ya ile meli yakatufikia. Feri ikainuka taratibu, ikashuka, machela ikagonga ukuta wa gari. Nilifumba macho. Sikukusudia, yalifumba yenyewe.

"Sema," Nyamvula akaniambia.

Nikafumbua. Mkono wake ulikuwa umeganda juu ya ubavu wa mzee, umepanda na kushuka pamoja naye, sindano imekaa pale pale. Mikono ile iliyoshindwa kuvaa glavu haikuwa ikitetemeka tena hata kidogo. "Ncha iko juu ya ubavu," nikasema. "Pafu liko chini. Halijaguswa."

"Vuta bomba la sindano, tuone kama kuna damu."

Nikavuta. Hakukuwa na damu wala hewa. Akaniambia nisukume dawa kidogo kidogo, kwa vituo, na kwenye picha nikaona weusi ukijitandaza kati ya nyama na mfupa, kama maji yanavyojipenyeza chini ya mkeka. Nikalisema hilo nalo. Alipochomoa sindano aliketi sakafuni, mgongo kwenye mlango.

Lakini hofu ilikuwa haijaisha. Ganzi nyingi ikipotea njia ikaingia kwenye damu, mtu huanza kusikia masikio yakivuma, ulimi ukifa, kisha hushikwa na kifafa na moyo ukasimama. Ni lazima mgonjwa akuambie mapema. Nikajiandaa kumuuliza kama anajisikia vibaya, Nyamvula akanizuia kwa mkono.

"Atakuambia hajambo," akasema. Akamwinamia mzee, akasema kwa sauti ya mtu anayelalamikia mambo yake mwenyewe, "Baba, mimi hapa nasikia kitu kinavuma. Sijui ni mimi peke yangu?"

Mzee Charo akasikiliza. Akafumba macho, akayafumbua. "Nasikia," akasema. "Chavuma."

Niliona rangi ikimtoka Nyamvula, na mkono wake ukiingia mkobani kuitafuta ile chupa nyeupe. Aliniwekea mikononi, nikaishika kama mtoto mchanga, nikamtazama mzee mdomo, nikingoja uanze kucheza. Sakafu ikatetemeka. Kutoka mbele Matano akaita, "Twaondoka, Daktari. Wamewasha injini."

Tulisikiliza sote. Ilikuwa inavuma kweli, chini ya miguu yetu, feri nzima. "Na ulimi, baba?" Nyamvula akauliza. "Wangu mimi umekauka, kama nimelamba sarafu."

"Wangu hauna neno, mwanangu."

Ilikuwa sentensi nzima. Wala hakuivunja katikati. Nyamvula na mimi tulitazamana, tukaogopa kufurahi. Katikati ya mkondo Mzee Charo alijaribu pumzi kama mtu anayejaribu daraja kwa mguu mmoja, akaona limemchukua, akavuta nyingine ndefu zaidi, kisha akakohoa. Kikohozi cha ndani, kizito, kilichomtoa makohozi. Ilisoma themanini na saba, ikasoma tisini. Tulipogusa upande wa pili ilikuwa tisini na tatu, na chupa nyeupe bado nilikuwa nayo mikononi, vidole vimekakamaa. Nyamvula alikuwa akilia bila sauti, kifaa akikishikilia ubavuni mwa mzee, na hakuacha kutazama ule mstari kwenye simu, kuhakikisha kwamba bado unateleza na pafu ni zima.

Jumapili tulivuka tena, sisi wawili, kumwangalia wodini. Nyamvula alinishika mkono njia nzima kwa kuwa anaogopa feri, na nilipomuuliza kama sasa uoga umempungua, alisema umeongezeka. Mzee Charo alikuwa ameegemea mito, mrija mwembamba wa ganzi umebandikwa ubavuni, bakuli la uji mkononi. Salamu zilikuwa ndefu. Alituuliza hata habari za Matano.

Nilikuwa nimeyapanga maneno yangu tangu Alhamisi. Nikamwambia, "Mzee, naomba radhi. Nilikuuliza asubuhi ile, ukasema hujambo, nikaamini."

Nyamvula akanitetea. "Ni mtu wa bara, baba. Hakujua desturi zetu."

Mzee Charo aliweka bakuli chini. Hakuwa na hasira yoyote, na hilo ndilo lililoniumiza. "Mtu akiulizwa hali, kwanza hushukuru," akasema. "Kisha aliyeuliza hukaa. Huuliza tena, ndipo umwambie. Nilikungoja uulize tena, mwanangu. Nikakuona waenda kitanda cha pili. Nikasema, basi, mtoto huyu ana kazi nyingi. Wacha nife, nisimsumbue."